Pikapu ya Majarubani

Namkunda, njia ya Madimba
2 Julai 2023

Mpwa wangu Shamimu,

Pokea salamu zenye uzito wa gunia zima, zilizoshonwa mdomo zisimwagike njiani. Huku sote wazima. Idd tumeila vizuri. Mbuzi alikuwa mmoja lakini nilimgawa mimi, kwa hiyo watu waliondoka wakidhani walikuwa watatu. Mikorosho imeanza kutoa maua. Mama yako, dada yangu Mwanaidi, hajambo kabisa, ana kikohozi kidogo ambacho humjia akiniona mimi nakaa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati dunia nzima ina simu. Sababu ya kwanza, simu yangu nikishuka tu majarubani, kwenye mashamba yetu ya chumvi, inanikaribisha Msumbiji. Nimesimama Tanzania, yenyewe inanisalimia Kireno, na salio limekwisha kabla sijasema haloo. Sababu ya pili, mama yako akisikia ni wewe anataka sauti kubwa, na haya si ya sauti kubwa. Kondakta wa basi la Dar ni mtu wangu, atakukabidhi mkononi.

Sasa tuingie ndani. Unakumbuka chumvi ya mwaka jana? Wanawake kumi na wanne, mama yako akiwa mwenyekiti wao, walivuna lundo refu kama nyumba. Hapakuwa na chombo cha kulitoa. Kutoka majarubani hadi njia kuu ni kilometa tatu za tope la mikoko, na kichwani mtu anabeba kiasi gani? Mvua ikaja. Siku ya tatu lile lundo lilikuwa linanifika magotini. Hakuna aliyelia. Mama yako aliokota chumvi ya kiganja, akailamba, akaitema, akasema, "Twendeni nyumbani."

Mwaka huu mkutano wa kijiji umeamua. Chumvi yote ifike barabarani kabla ya mvua. Isipofika, majaruba anapewa Yusufu, yule mfanyabiashara wa Ufukoni mwenye trekta. Kumwomba atukodishe trekta tulimwomba. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kwa hiyo tunanunua pikapu. Ya dizeli, ya kazi nzito, ya kukokota tela. Kikundi kimechanga na mimi nimejazia palipopungua, usiniulize nimejazia na nini. Wewe ni karani wa yadi ya magari hapo Dar, macho yako yako sokoni. Ila maelekezo nakupa mimi, maana magari nayajua. Nimekuwa utingo wa roli kutoka Beira hadi Harare. Durban nimepanda pikapu ambayo redio yake ilikuwa kubwa kuliko ofisi yetu ya kijiji. Shule niliachana nayo darasa la sita kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini injini haijawahi kuniuliza cheti.

Nataka hivi: milango minne, nyeupe, vioo vya giza, bampa inayong'aa mpaka Yusufu ajione sura yake na aikatae.

Mjomba wako anayesifiwa asipokuwepo,
Kassimu


Dar es Salaam
18 Julai 2023

Mjomba, shikamoo.

Na mama mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yangu kwako, maana nakujua kwa kugawa. Mimi mzima. Joto la Dar limepungua, maji ya bomba yanakuja wakati yanapojisikia. Nimefurahi mikorosho ina maua. Kikohozi cha mama nitakitumia dawa: wewe usikae.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sehemu ya bampa mara tatu ili nicheke vizuri. Mjomba wangu, gari uliyoitaja ni ya kubebea waheshimiwa kwenda kufungua visima. Milango minne ina maana kitanda cha nyuma kifupi; utabeba watu watano wanaotazama chumvi iliyobaki. Sisi tunataka milango miwili na kitanda kirefu. Rangi yoyote.

Dizeli umesema kweli, tena bila kujua sababu. Petroli inakimbia, dizeli inavuta. Ukiwa na mzigo mzito kwenye tope huhitaji mbio, unahitaji injini inayozunguka taratibu na haikati tamaa. Na nitatafuta injini ya zamani isiyo na kompyuta, ambayo fundi wa Madimba anaweza kuifungua na spana akairudisha. Hizi mpya zikikasirika zinawasha taa kwenye dashibodi, na wa kuisoma hiyo taa yuko Dar.

Sasa nijibu haya, moja moja, bila kwenda Durban. Mzigo wote ni magunia mangapi, na kila gunia kilo ngapi? Tela mtatumia ipi? Tope linafika wapi mtu akikanyaga? Maji ya bahari yanapita kwenye hiyo njia? Na dereva ni nani?

Mpwa wako,
Shamimu


Namkunda
30 Julai 2023

Mpwa wangu,

Marahaba, na mama yako kasema marahaba yake yuko nayo mwenyewe. Huku tumemzika bibi mmoja wa kitongoji cha pili, umri wake hata yeye alikuwa ameshauacha njiani. Baridi ya asubuhi imenikumbusha Cape Town, ila Cape Town hakuna uji wa muhogo.

Umenitukania bampa yangu, nimesamehe. Majibu haya hapa. Magunia mia nne, kila moja kilo hamsini, na yakiwa bado na unyevu ongeza kidogo. Tela ni ile ya marehemu babu yako aliyokuwa akiikokota kwa pawatila, kile kitrekta cha mkono, chuma chake kizima, ina ekseli moja katikati na matairi mawili. Tope ni la kifundoni maji yakiwa mafu, na la mapajani wakati wa bamvua. Bahari inapita juu ya njia kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, kama mtu anayekuja kukagua shamba lake. Kwa hiyo siku za kazi ni zile chache za katikati, maji yakilala.

Nimejibu yote. Mwanafunzi bora.

Redio inasema mwaka huu kuna Elinino na mvua zitawahi. Yusufu aliposikia alinunua redio ya pili.

Kassimu


Namkunda
9 Agosti 2023

Shamimu, mpwa wangu mpole,

Hii ni fupi, naandikia juu ya gunia. Salamu zote zile zile, hakuna aliyeongezeka wala kupungua.

Nimefikiri. Chukua yenye gia za otomatiki. Ni ustaarabu tu. Durban wazee wote wa maana wanaendesha otomatiki, mguu wa kushoto umepumzika kama mgeni. Si kwamba kuna tatizo. Tatizo halipo. Ni kwa ajili ya heshima ya gari.

Usinunue kabla hujapata hii.

Kassimu


Dar es Salaam
26 Agosti 2023

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mko salama na msiba wa bibi umepita kwa heri. Mimi mzima. Barua ya mwisho niliyopata kwako ni ya tarehe thelathini Julai. Naona umekaa kimya, nikasema mjomba akinyamaza ujue anakula.

Gari imepatikana. Kaa vizuri nikuhadithie.

Yadi ya kwanza walinionyesha moja imepakwa rangi nyeusi chini mpaka inang'aa kama kiatu cha harusi. Muuzaji akasema, "Dada, chesisi hii hata mjukuu wako ataikuta." Nikalala chini na kinyundo. Ngo, ngo, ngo, halafu puu. Nikagonga tena pale pale, kinyundo kikazama. Ilikuwa kutu iliyovalishwa rangi. Nikamwambia, "Kaka, mjukuu wangu atakuta rangi tu." Gari inayokwenda kufanya kazi kwenye chumvi, Mjomba, kitu cha kwanza ni chesisi. Injini hubadilishwa, chesisi ikiliwa umenunua kivuli.

Ya pili ilikuwa nzima, lakini inavuta magurudumu mawili tu. Ya tatu moshi wake mweupe, na muuzaji anasema eti ni baridi, Dar, mwezi wa nane!

Ya nne ndiyo yetu. Hailaksi ya kijivu, milango miwili, kitanda kirefu, dizeli ya zamani isiyo na kompyuta. Inavuta magurudumu manne na ina gia ndogo ya kutokea kwenye shida. Springi za nyuma ni za vyuma bapa vilivyopangana, hazijalala hata moja. Gia za kawaida tano na klachi mpya. Ilikuwa ya mmisionari wa bara, haijawahi kuona bahari. Sura mbaya. Taa moja inatazama Morogoro. Nimeipaka grisi chini yote, kila maungio.

Ndoano ya nyuma tumeichomelea upya ikubali ile pete ya tela ya babu. Ataileta Elia, fundi wa hapa. Kila mkirudi kutoka majarubani ioshwe chini kwa maji ya kisima. Kila siku, si siku ya Ijumaa tu.

Hukunijibu swali la dereva.

Shamimu


Namkunda
12 Septemba 2023

Mpwa wangu Shamimu, mwenye macho ya nyundo,

Gari imeingia! Huku ni shangwe mpaka kuku wanataga ovyo. Wanawake wote kumi na wanne walipanda nyuma, Elia akawazungusha hadi Madimba na kurudi wakiimba, na waliopitwa njiani wakadhani ni harusi, wakauliza bibi harusi yuko wapi. Mama yako akajibu, "Mmeshamkanyaga vumbi lake." Hakupanda mbele. Alikaa juu ya tairi la akiba kama malkia wa Uingereza, yule wa zamani.

Sura ya gari ni mbaya kweli. Nilipoiona nilitaka kulia, lakini Elia akaiwasha na nilipousikia ule mngurumo nikasema basi, mwanaume hatazamwi sura.

Sasa mambo mawili. La kwanza, barua yako ilikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, ya grisi. Nikajiambia karani gani huyu anashika grisi? Nikamlisha Elia pweza na kumuuliza taratibu. Mtu akitafuna pweza, kwa kawaida hunyamaza. Lakini Elia alisema vyote. Kumbe ofisi ile ilifungwa mwaka juzi. Kumbe wewe ndiye fundi, na Elia ni mwanafunzi wako! Sijamwambia mama yako. Barua zako huwa namsomea mimi, na pale pa kulala chini na kinyundo nilisoma "nikatuma mtu."

La pili, barua yangu ya tarehe tisa Agosti hukuipata? Basi. Haina maana tena.

Kazi bado hatujaanza. Chumvi inaendelea kuvunwa. Gari kwanza tunaizoesha mazingira.

Kassimu


Dar es Salaam
3 Oktoba 2023

Mjomba, shikamoo.

Maulidi yalikwendaje? Huku tumesoma mpaka mashehe wakakaukiwa. Mimi mzima.

Barua yako ya tisa Agosti nimeipata juzi. Kondakta alihamishiwa basi la Songea akaenda nayo, imezunguka kusini yote, imerudi ina harufu ya kahawa. Kwa hiyo ulitaka otomatiki. Kwa nini? Usinipeleke Durban.

Hilo la ufundi ni kweli. Mama alipika chumvi miaka mitatu nisome uhazili, nipate meza na kiti cha kuzunguka. Meza niliipata kwa miezi minane. Ofisi ilipofungwa nilikuwa nimeshajua magari kwa kuandika kasoro zake, nikaomba kuzifuata zilipo. Nalala chini ya magari, Mjomba, na nikiisikia injini niliyoifufua inakubali kuwaka, sikumbuki kile kiti. Ila mama nitamwambia nini? Nitamwambia. Siyo sasa.

Na wewe sikuelewi. Gari ina wiki tatu hapo. Elia amesharudi. "Kuizoesha mazingira" ni nini, mnaichunga? Mvua za huku zimeshaanza kunusa. Safiri hata mara moja na mzigo, tujue inavyofanya.

Shamimu


Namkunda
24 Oktoba 2023

Shamimu,

Salamu. Watu wazima, korosho zinaanguka vizuri, mnada wa kwanza umeshafanyika. Maulidi yalikuwa mazuri. Hizo ndizo habari njema, zimekwisha.

Juzi maji yalikuwa mafu, tukajaribu. Tulipakia magunia ishirini na matano kwenye tela, kitaalamu kabisa, nilisimamia mwenyewe. Mzigo wote mzito tukauweka nyuma kule mwisho, mbele pakawa pepesi ili tela inyanyue kichwa ipande tope. Kitanda cha pikapu hatukukijaza tuipunguzie mzigo injini. Injini ikawashwa. Mita mia mbili za kwanza watu walipiga vigelegele. Tulipoingia kwenye tope, mkia wa gari ukaanza kucheza huku na huku kama mtu mwenye haya, magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale, na tope likanipaka mimi na mabaharia wenzangu wote. Tuliweka gia ndogo. Tuliweka matawi. Tulisukuma. Ikazama mpaka ekseli.

Na nani akatokea na trekta? Alisimama pale juu na mwavuli wakati hakuna mvua. "Mwanaidi," anamwambia mama yako, "hili ni gari au feni?"

Mama yako akamjibu, "Ukisikia joto sogea, upepo ni wa bure."

Tulishusha magunia yote, tukayarudisha kichwani. Lakini usiku ule mama yako hakula.

Mpwa wangu, sikulaumu. Lakini watu wanasema gari haina nguvu, kwamba Dar wamekuuzia kopo. Wanawake watatu wanasema tuiuze wakati bado inawaka, na tugawane kabla majaruba hayajachukuliwa. Mkutano wa kijiji ni tarehe ishirini na sita Novemba. Kabla ya hapo kuna maji mafu mara mbili tu. Mawingu yanapita kila jioni yakituhesabu.

Niambie kama umekosea. Ukisema umekosea nitasema nimekosea mimi, na hapa kijijini watanisadiki haraka.

Kassimu


Dar es Salaam
31 Oktoba 2023

Mjomba, shikamoo.

Mama ale. Msomee sentensi hiyo kama ilivyo.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa kwenye tairi nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Gari haina kosa. Nguvu inayo. Kosa ni kwamba ninyi ni watu wa maji.

Mmepakia mtumbwi, Mjomba! Uzito tezi, kule nyuma, ili omo ya mbele ijinyanyue juu ya wimbi. Kwenye mtumbwi ni sawa kabisa, hata mimi ningefanya hivyo, nimekulia humo humo. Lakini tela imekaa juu ya ekseli moja kama bembea ya watoto. Ukiujaza mkia, ulimi wa mbele unapanda, na ule ulimi umeshikwa na pikapu. Kwa hiyo ulimi unainyanyua pikapu kwa nyuma. Magurudumu yanayovuta yanabaki yanaligusa tope kwa adabu tu. Yatashika nini? Na kitanda mkakiacha kitupu, kuihurumia injini! Kumbe mliinyima uzito uliokuwa uyakandamize matairi.

Fanyeni hivi. Kitanda cha pikapu kijazwe magunia kumi na tano. Kwenye tela ishirini na matano yale yale, ila anzeni kupanga mbele, mzigo mkubwa ukae juu ya ekseli na usogee mbele kidogo. Kipimo: mkiwa mmemaliza, kabla ya kuifunga tela kwenye pikapu, watu wawili wajaribu kuunyanyua ulimi wa tela. Ukinyanyuka kirahisi, rudini mpange upya. Ukiwafanya wagune, ni sawa. Punguzeni upepo matairi yote mpaka yaonekane yamechoka. Magurudumu manne na gia ndogo viwekwe kabla ya tope, siyo ndani ya tope. Na ukishaingia usisimame, usikanyage mafuta kwa hasira, usibadilishe gia. Taratibu, moja kwa moja, mpaka ng'ambo. Mkirudi barabarani upepo ujazwe.

Arobaini kwa safari. Safari kumi. Inawezekana.

Sasa, Mjomba. Umenieleza nani alipakia, nani alisukuma, nani alicheka na mwavuli. "Injini ikawashwa." "Tuliweka gia ndogo." Barua nzima hakuna mtu aliyeshika usukani. Gari ilikuwa inaendeshwa na nani?

Shamimu


Namkunda
28 Novemba 2023

Kwa Fundi Shamimu, Mkuu wa Chesisi Zote za Afrika Mashariki,

Salamu hizi zisome umesimama. Huku wazima, wazima, wazima! Mimi mzima, mama yako mzima, hata mbuzi aliyebaki anatembea kwa maringo.

Barua yako ilitufikia maji mafu ya kwanza yameshapita, nikaona tumekwisha. Tukabakiwa na yale ya pili. Niliwaita wanawake wote uwanjani, nikasoma maelezo yako kwa sauti kama hotuba ya bungeni. Wale watatu waliotaka kuuza wakaguna. Bi Salma, unamjua, mkubwa wao, akasema, "Mimi nimepakia mitumbwi miaka hamsini, leo mtoto aniambie uzito uende mbele, tuzame sote?" Nikachukua ubao na jiwe, nikafanya bembea. Nikamketisha Bi Salma nyuma, mbele pakapaa. Nikamwambia, "Huko mbele kulikopaa ndiko pikapu iliko." Akatazama. Akasema, "Basi nishushe, nimeelewa."

Jumapili, tarehe kumi na tisa, tukapakia. Wanaume wawili wakaushika ulimi wa tela, mmoja akaguna, wa pili akaachia kitu kingine, tukakubaliana kipimo kimetimia.

Na sasa nakujibu lile swali, maana nimelikimbia tangu mwezi wa saba na nimechoka kukimbia kwa mguu mmoja.

Mwezi wa tano nilianguka kwenye tuta la majaruba. Goti la kushoto halikunji, na likikunjwa halina nguvu. Klachi siwezi. Sikutaka kusema, maana ningemwambia nani? Mimi niliyewaambia watu wote kwamba pikapu nitaendesha mwenyewe, kama nilivyoendesha Durban? Na Durban nako, mpwa wangu, nilikuwa utingo. Nilikaa upande wa kushoto miaka minne, usukani niliupangusa tu vumbi. Nilidhani otomatiki ingenificha. Elia alipoondoka gari ikakaa wiki nzima chini ya mwembe, nami naiosha, naing'arisha, naizoesha mazingira. Siku ya nane mama yako akaja, akanyoosha mkono, akasema, "Kassimu. Ufunguo."

Nikamwambia, "Wewe unajua nini?"

Akasema, "Sijui kitu. Wewe unajua kila kitu, tunasikia kila siku. Basi kaa hapo useme, mimi nifanye."

Ndivyo tulivyofanya, uwanja wa mpira, kila alasiri. Tumeua goli moja. Mambo yote niliyoyaona kwa wale madereva wangu wa Beira, wanavyosikiliza injini, wanavyoachia klachi kama mtu anayemlaza mtoto, nilikuwa nimeyahifadhi bila kujua ya nani. Yalikuwa ya dada yangu. Dereva wa lile feni la tarehe ishirini na mbili Oktoba alikuwa yeye, na hakutaka uambiwe kwa sababu alidhani kosa ni lake. Njia ya majaruba si barabara ya serikali, trafiki hajawahi kuifikia. Lakini Januari anaanza masomo ya leseni Mtwara, pale Magomeni.

Basi Jumapili hiyo. Watu wamejaa kingo zote mbili. Yusufu na mwavuli wake. Mama yako akajifunga khanga ya pili kiunoni, akaweka magurudumu manne, akaweka gia ndogo, akanitazama. Nikafungua mdomo nimwelekeze. Akasema, "Leo nyamaza." Tukaingia.

Mpwa wangu, iliguna. Iliinama nyuma, ikayakandamiza yale matairi, na tela ikafuata kimya kama mke mdogo siku ya kwanza. Tope likaruka hadi kwenye vitasa vya milango. Hakuongeza mafuta, hakupunguza. Nilikuwa nasoma aya zote ninazozijua na nyingine nazitunga. Katikati pale tulipozama mara ya kwanza nikafumba macho. Nilipofumbua tulikuwa kwenye mchanga mkavu, roli la mnunuzi mbele yetu, na wanawake wanakimbia nyuma wamejaa tope hadi kope, wanapiga vigelegele Msumbiji wanasikia. Mama yako akazima injini. Akasema, "Bado tisa."

Siku nne, Shamimu. Jumapili safari mbili, Jumatatu tatu, Jumanne tatu, Jumatano mbili. Ya mwisho mvua ilikuwa imesimama pale juu ya mto wa mpaka wa Msumbiji, nyeusi, tunaiona inakuja. Hakukimbia. Alikuja kwa mwendo ule ule. Gunia la mia nne liliingia chini ya turubai na tone la kwanza likaniangukia mimi kwenye kipara, nikalisalimia.

Mkutano ulikuwa juzi Jumapili. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza nani ana neno. Mama yako alisimama, wewe unajua hapendi kusema mbele za watu. Akasema, "Tuliambiwa chumvi yote. Nendeni mkatazame lilipokuwa lundo. Mkikuta punje, Yusufu achukue majaruba." Mwenyekiti akamgeukia Yusufu. Yusufu akafunga mwavuli, akasema hana neno, ila angependa kujua hiyo pikapu ilinunuliwa yadi gani. Watu walicheka mpaka wakatoka nje. Majaruba ni ya kikundi, imeandikwa na kugongwa mhuri, miaka kumi.

Hapo ndipo mmoja akauliza kwa sauti, kweli, nani aliyeichagua gari hii? Nikasimama. Mdomo wangu ulikuwa umeshajiandaa kusema "mimi," nakuambia ukweli, herufi ya kwanza ilikuwa imetoka. Nikamwona dada yangu ananitazama. Nikasema, "Ni Shamimu, binti wa Mwanaidi. Ni fundi wa magari Dar es Salaam, ana wanafunzi chini yake, na aligonga chesisi kwa mkono wake." Nisamehe. Imetoka mbele ya kijiji kizima.

Mama yako akanitangulia hadi nyumbani. Nikajiandaa kwa kipigo. Akavua viatu, akaviosha tope, akaviweka juani. Ndipo akaniambia, "Unadhani sikuiona ile alama ya kidole? Barua uliisoma wewe, lakini niliishika mimi."

Goti langu linapelekwa hospitali ya Mtwara Alhamisi, ameshaamua, anatuendesha jirani yetu mwenye leseni na mama yako atakaa katikati akimkosoa.

Ujumbe wake huu, ameniagiza niuandike neno kwa neno na amesimama nyuma yangu akihakikisha: pikapu inataka kukaguliwa kabla ya msimu mpya, na hamtaki Elia. Njoo wewe. Na ile ovaroli ya kazini usiivulie stendi ukavaa gauni la kutupendezesha. Shuka nayo. Utembee nayo kutoka barabarani mpaka nyumbani, mchana, watu wakiwa barazani.

Mjomba wako, utingo mstaafu,
Kassimu